Nyayo zinawaka moto usiku, na ndala imenivuka bila habari

SWALI: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Lushoto, nina miaka 54, na nimeishi na kisukari kwa miaka 11. Natumia metformini gramu 2 kwa siku. Huu ni mwaka wa pili nyayo zinawaka moto usiku, hata nalala miguu ikiwa nje ya blanketi na baridi yote hii ya huku. Duka la dawa walinipa vidonge vya neva vyenye B1 miligramu 100, B6 miligramu 200 na B12 mikrogramu 200. Nameza kimoja mara tatu kwa siku na sasa ni mwezi wa 14. Moto umepungua kidogo, lakini ganzi imepanda hadi kwenye vifundo, na wiki iliyopita ndala ilinivuka uwanjani nikaendelea kutembea, mpaka mwanafunzi akaniita. Mke wangu ananiandalia beseni la maji ya moto yenye chumvi kila jioni, na shemeji ameniletea mizizi akisema nimekanyaga kitu kibaya. Je, ganzi hii itapona? Na vidonge hivi nimeze hadi lini?"

JIBU: Marahaba, Mwalimu, ingawa kwa umri uliotaja tunakaribiana mno na salamu hiyo tungeweza kugawana. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake halisubiri: vidonge vya neva viache leo. Metformini usiiache, wala usiipunguze, hadi daktari anayekutibu aseme. Beseni la maji ya moto nalo lipumzike kuanzia jioni hii. Sababu za yote haya nitazieleza kwa mapana, maana mtu asiyeelezwa sababu hurudia jambo lile lile mwezi unaofuata.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili ya ile ndala. Wagonjwa wengi huja kwangu kwa sababu ya moto wa usiku, na moto huo kweli unatesa, unanyima usingizi na kumfanya mtu awe mkali kwa watoto wake. Lakini moto haumkati mtu mguu. Kinachokata mguu ni ule ukimya uliokuja baada yake, yaani ndala kuvuka nawe usijue. Maumivu yana dawa, nami nitakutajia. Ganzi haina kidonge, na mguu uliokufa ganzi sharti ulindwe kwa macho kila siku ya Mungu.

Mishipa ya fahamu ya mguuni huanzia karibu na uti wa mgongo, kiunoni, na nyuzi zake hunyooka bila kukatika hadi kwenye ncha za vidole, mwendo wa karibu mita 1. Uzi wote huo hulishwa kutoka upande wa mwanzo. Ninyi wa milimani mnalijua bomba la maji ya mserereko: presha ikishuka, nyumba ya mwisho ndiyo ya kwanza kukosa maji. Sukari inapokaa juu kwa miaka, huharibu nyuzi zenyewe pamoja na vijishipa vya damu vinavyozilisha, na dalili huanza pale palipo mbali zaidi, kwenye vidole vya miguu yote miwili, kisha hupanda kidogo kidogo kama soksi inayovutwa juu. Ikifika magotini, kwa kawaida ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza kufa ganzi. Yako imefika kwenye vifundo.

Huenda umeshangaa mguu unawezaje kuuma na kufa ganzi kwa wakati mmoja. Nyuzi si za aina moja. Zipo nyembamba zinazobeba habari za maumivu, joto na baridi, na zipo nene zinazobeba habari za mguso, mtetemo na mahali kiungo kilipo. Nyuzi nyembamba zilizojeruhiwa hupiga kelele zenyewe bila kuguswa, na usiku, kusipokuwa na shughuli ya kuzifunika kelele hizo, mtu huzisikia kama moto, sindano au sisimizi wanaotembea chini ya ngozi. Nyuzi nene zikifa huwa hazipigi kelele yoyote. Mtu huanza tu kuyumba gizani, au ndala humvuka. Kwa hiyo moto unapopungua usiseme mara moja kwamba unapona. Wakati mwingine moto hupungua kwa sababu kuni zimekwisha.

Sasa tutafute chanzo. Kisukari cha miaka 11 kinatosha kabisa kuwa chanzo, kwani karibu nusu ya wenye kisukari hupata tatizo hili kwa kiasi fulani katika maisha yao. Lakini katika barua yako kuna washukiwa wengine wawili, na wote wawili unawameza kwa mkono wako mwenyewe.

Wa kwanza ni metformini. Ni dawa nzuri nami huiandika kila siku, lakini ikitumiwa kwa miaka mingi na kwa dozi kubwa kama yako hupunguza uwezo wa utumbo kufyonza vitamini B12, na upungufu wa B12 huharibu mishipa ya fahamu kwa sura inayofanana sana na ile ya kisukari. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwatangazia madaktari kwamba upungufu huo sasa uhesabiwe miongoni mwa madhara ya kawaida ya metformini, wala si ya nadra. Mtu anaweza kuupata bila kuwa na upungufu wa damu hata kidogo, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba kwa kuwa damu yako ni nyingi basi B12 iko sawa.

Mshukiwa wa pili ni vidonge vyenyewe, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu jambo hili halisemwi sana katika maduka yetu. Mtu mzima huhitaji vitamini B6 isiyofika miligramu 2 kwa siku, na chakula cha kawaida chenye ndizi, viazi, samaki na maharage humpa kiasi hicho. Wewe unameza miligramu 600 kila siku, yaani zaidi ya mara 300 ya mahitaji, kwa mwezi wa 14 sasa. B6 ikizidi haiwi lishe tena, bali huwa sumu ya mishipa ile ile iliyonunuliwa kuiponya. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1983, madaktari wa Marekani walipoeleza habari za wagonjwa 7 waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kwa siku na kupoteza hisia hadi kutembea kukawashinda. Tangu hapo madhara yameonekana kwa dozi ndogo kuliko hizo kwa watu walioendelea muda mrefu, na mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima. Linganisha na boksi lako.

Waswahili tunasema panya huuma huku akipuliza, na sioni mfano unaokifaa kidonge hicho kuliko huo. Inawezekana kabisa kwamba ile B12 iliyomo ndiyo iliyopuliza, ikaziba pengo lililoachwa na metformini na kupunguza moto kidogo kama ulivyosema, wakati ile B6 ikiuma polepole na kuipandisha ganzi. Simlaumu sana aliyekuuzia. Dawa hiyo ya pamoja imezoeleka kiasi kwamba mtu akisema tu "miguu" boksi huwa limeshashushwa, na sisi madaktari ndio tuliowafundisha wauzaji desturi hiyo kwa kuiandikia kila anayelalamika ganzi. Neno moja kwa wengine watakaosoma hapa: mgonjwa wa kifua kikuu anayepewa isoniazidi hupewa pia B6 kwa dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 10 hadi 50, ili dawa hiyo isimharibu mishipa. Huyo asiiache kwa kusoma barua ya Mwalimu, kwa sababu yake ni kinga na dozi yake ni nyingine kabisa.

Uonane na daktari wa kliniki ya kisukari katika hospitali ya wilaya, na kama huko hakuna kliniki ya namna hiyo omba rufaa. Umwambie wazi kwamba umemeza B12 kwa zaidi ya mwaka, maana kipimo cha damu kikichukuliwa leo kitaonyesha B12 ya kutosha, au hata nyingi, na kumpotosha. Katika hali kama yako mimi huwa sibishani na kipimo: huondoa kidonge cha mchanganyiko na kutoa B12 peke yake, ama kwa sindano ya mikrogramu 1000 mara kadhaa mwanzoni kisha kila baada ya miezi 2 au 3, ama kwa vidonge vya mikrogramu 1000 kila siku. Haina madhara ya maana, na kwa anayetumia metformini gramu 2 ni akiba. Apime pia wastani wa sukari wa miezi 3, figo, tezi ya shingo, damu kwa jumla na virusi vya UKIMWI. Akuulize kuhusu pombe, nawe umjibu ukweli, kwa kuwa pombe ya miaka mingi ni chanzo kinachojitegemea, iwe bia au gongo. Akuangalie pia ngozi kutafuta baka lisilo na hisia, kwa sababu ukoma haujatuacha, na dawa zake hutolewa bure.

Zipo dalili ambazo zikionekana si za kisukari hadi ithibitishwe vinginevyo: ganzi ya upande mmoja tu, udhaifu wa misuli unaopanda kwa siku chache, mguu unaoburuza ncha ghafla, au kushindwa kuzuia mkojo. Mwenye moja ya hizo aende hospitali siku hiyo hiyo. Wewe hukutaja hata moja.

Kuhusu sukari yenyewe, hukuniandikia wastani wako, nami nadhani haujapimwa karibuni. Ushahidi mkubwa kwamba kudhibiti sukari hulinda mishipa ulitoka Marekani mwaka 1993, katika utafiti wa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza: waliodhibitiwa kwa karibu walipata tatizo la mishipa kwa asilimia 60 pungufu. Kwa aina ya pili, ambayo bila shaka ndiyo yako, faida ipo lakini ni ndogo zaidi, na inasaidia zaidi kuzuia yasiendelee kuliko kurudisha yaliyokwisha kuharibika. Shusha sukari, lakini usiishushe kwa pupa. Mtu mwenye wastani wa asilimia 12 akijibana hadi akafika 7 ndani ya miezi 3 anaweza kupata maumivu mapya makali ya mishipa yanayosababishwa na kushuka huko kwa ghafla, kisha akadhani dawa za sukari zimemdhuru na kuziacha zote.

Tuje kwenye maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni hazifui dafu kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, na kwa mwenye kisukari zinachokonoa figo ambazo tayari ziko mashakani, kwa hiyo ziache hata kama ukichomwa sindano yake unahisi nafuu ya nusu saa. Dawa zinazofaa ni zile zinazotuliza kelele za mishipa yenyewe. Ya bei nafuu na inayopatikana hata wilayani ni amitriptilini. Huanzwa kwa miligramu 10, au nusu ya kidonge cha 25, saa 1 au 2 kabla ya kulala, na dozi hupandishwa taratibu kila wiki au mbili kadiri ya nafuu na madhara. Wengi hutulia kati ya miligramu 25 na 75. Mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu, na asubuhi za mwanzo kichwa kitakuwa kizito, kwa hiyo usiianze siku ya kuamkia mitihani ya darasa la saba. Mwenye tezi dume iliyokua na mkojo wa kusitasita, mwenye ugonjwa wa moyo au mwenye presha ya jicho aseme kwanza, kwani si dawa yake.

Amitriptilini ina adha nyingine isiyoandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Ilianza kama dawa ya sonona, na mara nyingi mke au mtoto aliyesoma huuliza kwa nini baba anapewa dawa za wagonjwa wa akili. Nimepoteza wagonjwa kadhaa kwa swali hilo: wanakwenda nyumbani, wanasomewa karatasi, hawarudi. Mwambie mama watoto mapema kwamba dozi ya mishipa ni ndogo kuliko ile ya sonona, na kwamba inafanya kazi nyingine.

Zipo pia gabapentini, pregabalini na duloksetini, ambazo bei yake iko juu zaidi. Uliza kama kadi yako ya bima inazigharamia. Gabapentini na pregabalini hutolewa na figo, kwa hiyo dozi hupunguzwa figo zikiwa dhaifu, na zote mbili humfanya mtu awe na kizunguzungu akizidishiwa haraka. Ipi bora? Mwaka 2022 Waingereza walichapisha utafiti uliolinganisha njia tatu, moja ikianza na amitriptilini, nyingine duloksetini, nyingine pregabalini. Zote tatu zilipunguza maumivu kwa karibu nusu, na waliobaki na maumivu walinufaika kwa kuongezewa dawa ya pili juu ya ya kwanza. Chukua hiyo nusu kama kipimo chako. Daktari akikuahidi kwamba moto utazimika wote atakuwa anakufurahisha tu. Lakini moto wa 7 kati ya 10 ukishuka hadi 3 au 4, mtu hulala. Jipe wiki 4 hadi 6 kwenye dozi kamili kabla ya kusema dawa imeshindwa. Tramadoli usiizoee, kwani huzaa utegemezi. Na kama umesikia, kama walivyosikia wengi, kwamba kuna dawa ya kupaka inayotokana na pilipili, ni kweli ipo. Lakini hutengenezwa kwa kipimo, na pilipili ya kusaga jikoni ukiipaka kwenye unyayo uliokufa ganzi utaamka na malengelenge.

Yote hayo ni ya moto. Ya ganzi ni haya yafuatayo, nami nitakaa hapa kwa muda.

Katika miaka ya 1940 na 1950 daktari mpasuaji Mwingereza aitwaye Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, kusini mwa India, aliwachunguza wagonjwa wa ukoma ambao kila mtu aliamini kwamba vidole vyao vinaoza na kudondoka kwa ugonjwa wenyewe. Aligundua kwamba nyama yao ilikuwa na uwezo wa kupona kama ya mtu mwingine. Kilichokosekana ni maumivu ya kuwaonya, na hivyo waliungua, walijikata na walitembelea vidonda bila kusita. Elimu hiyo ya ukoma ndiyo iliyohamia kwenye mguu wa kisukari. Na kwa kuwa nimeshamtaja panya: mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu habari za wagonjwa wa kisukari hapa Tanzania waliong'atwa miguu na panya usingizini, wakaona jeraha asubuhi. Panya hakupuliza chochote. Mguu ndio uliokuwa hauna habari.

Kwa hiyo beseni la maji ya moto liondoke. Namwelewa mama, anakukanda kwa mapenzi, lakini unyayo wako hauwezi tena kusema "haya yamezidi", na nimewaona watu waliovuliwa ngozi ya mguu mzima na maji ambayo mkono wa aliyeyapima uliyaona ya uvuguvugu. Kuloweka kwa muda mrefu, hata katika maji baridi, hulainisha ngozi ikapasuka. Kwa baridi yenu ya Juni na Julai najua mtu husogeza miguu kwenye jiko la mkaa. Wewe vaa soksi za sufu jozi mbili, na miguu ikae mbali na jiko kuliko ya watu wengine waliomo humo ndani.

Kila jioni, kabla ya kulala, kaa penye mwanga ukague miguu yote miwili: juu, chini, visigino, na katikati ya kila kidole. Chini usipoweza kuona weka kioo sakafuni, au mwite mtoto mwenye macho makali umwambie atafute kidonda, lengelenge, mpasuko, wekundu au doa la damu ndani ya sugu. Ni dakika 3. Ukitawadha, futa kwa kitambaa kikavu katikati ya vidole kila mara, maana unyevu wa mara tano kwa siku hapo ndipo fangasi wanapoanzia na bakteria wanapopitia. Msikitini ingia na soksi safi, na uwanja uliopigwa jua usiukanyage kwa nyayo tupu. Mahujaji wenye kisukari huungua miguu kwenye sakafu za joto bila kujua. Mafuta paka juu na chini ya mguu, lakini si katikati ya vidole. Kucha kata kwa kunyoosha bila kuchimba pembeni. Sugu usiichonge kwa wembe.

Ndala za kubana kwa kidole nakuomba uachane nazo kabisa, ndani na nje. Ndala hukaa mguuni kwa sababu vidole vinaikamata, na vidole vyako vimeacha kukamata. Katambuga za tairi ni imara, lakini misumari yake huchomoza ndani. Tafuta kiatu cha kufunga kwa kamba au kwa mkanda, chenye nafasi mbele na soli nene. Nunua alasiri, mguu ukiwa umevimba kidogo, na usijipime kwa kuuliza mguu kama unabana, kwa sababu mguu huo hautakujibu ukweli. Simama juu ya kipande cha boksi, mtu akuchoree mguu kwa kalamu, kata umbo hilo uende nalo dukani ulitumbukize ndani ya kiatu: likijikunja pembeni, kiatu hicho si chako hata kama ni kizuri namna gani. Na kila asubuhi, kabla ya kuvaa, kung'uta kiatu na kupitisha mkono ndani. Mgonjwa wangu mmoja alitembea siku nzima na kifuniko cha soda kiatuni.

Kuna kipimo ambacho mkeo anaweza kukufanyia usiku huu bila kifaa chochote. Kilibuniwa Ipswich, Uingereza, na sasa kinatumiwa sehemu nyingi. Lala chali, fumba macho. Aguse kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi wa unyoya na kwa sekunde 1 au 2 tu, ncha ya kidole gumba cha mguu wako wa kulia, kisha kidole cha mwisho. Ahamie mguu wa kushoto vivyo hivyo. Amalizie na vidole vya kati, kulia na kushoto. Wewe kila ukihisi useme "kulia" au "kushoto". Asibonyeze, asikwaruze, na asirudie kidole ulichokikosa. Ukikosa viwili au zaidi kati ya sita, mguu huo umepoteza kinga yake, na kwa habari ya ndala nadhani utakosa zaidi ya hivyo. Hospitalini daktari atathibitisha kwa uzi wa nailoni unaopinda ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10, na kwa chuma cha mtetemo.

Kidonda chochote, hata kisichouma, na hasa kisichouma, ni cha hospitali siku hiyo hiyo. Hali kadhalika mguu mmoja ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake bila jeraha lolote: huenda mifupa ya ndani inavunjika kimya kimya kwa kukanyagwa, na wengi huambiwa ni gauti au wameteguka, wakakandwa na kuendelea kutembea hadi wayo ukabonyea. Usikanyage, usikandwe, nenda ukapigwe picha.

Kufundisha endelea. Omba kiti darasani ukae nusu ya kipindi, kwa sababu kusimama saa nyingi mahali pamoja hukanyaga sehemu ile ile. Kutembea pia endelea, kwa kiatu nilichoeleza, na ukirudi ukague. Usiku washa taa kabla ya kuteremka kitandani, maana gizani mtu asiye na hisia za nyayo huwa hana cha kumwonyesha sakafu iko wapi. Na lipo jambo ambalo wanaume hawaliandiki kwenye barua: ugonjwa huu huu hugusa pia neva za nguvu za kiume, kibofu, tumbo na zile zinazorekebisha presha mtu akisimama. Kama lipo, mwambie daktari kwa jina lake. Lina tiba kuliko unavyodhani, lakini dawa zake si za kununua kwa kificho, hasa kwa anayetumia dawa za moyo.

Itapona? Nimeliacha swali hili hadi sasa kwa sababu jibu linategemea nani aliyekuwa na hatia. Sehemu iliyoletwa na upungufu wa B12 hurudi vizuri zaidi ikiwahiwa, kwa miezi 6 hadi 12. Sehemu iliyoletwa na B6 hurudi pia kwa wengi, polepole na si lazima yote, lakini usishtuke hali ikizidi kidogo kwa wiki chache baada ya kuacha vidonge. Ndivyo sumu hiyo inavyotoka, wala si ishara kwamba ulihitaji kuvirudia. Sehemu ya kisukari kwa kawaida haifutiki, bali husimamishwa. Uzi wa neva unaoota upya hukua kwa kasi ya milimita 1 kwa siku ukiwa na bahati, na kwa mwenye kisukari chini ya hapo. Pima mwenyewe kwa rula toka kifundoni hadi ncha ya kidole gumba uone ni miezi mingapi.

Mizizi ya shemeji sijui ni ya mti gani, na mizizi mingine huumiza figo au hushusha sukari ghafla ikichanganywa na dawa, kwa hiyo usiinywe. Mpokelee kwa heshima, mshukuru, iweke. Asikuchanje chale miguuni kwa hali yoyote. Ukanyagaji anaousema, ukitaka kumjibu bila ugomvi, mwambie kweli kuna kitu umekuwa ukikikanyaga kwa miaka 11, na daktari amekipa jina.

Siku ya kliniki beba boksi la vidonge vya neva pamoja na dawa zako zote. Na ukishaketi kwenye kiti mbele ya daktari, vua viatu na soksi kabla hajakuambia, uinyooshe miguu aione. Kliniki zetu zina foleni ndefu, na mgonjwa aliyevaa viatu huandikiwa karatasi akatoka.